Mashua ya futi 26 au jahazi la futi 40? Naomba ushauri kabla sijalipa arubuni

Kijana wa Shela:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni baharia hapa Lamu, mwaka wa kumi na moja natembeza wageni kwa vyombo vya watu. Nimedunduliza, sasa nataka chombo changu mwenyewe. Nimeoneshwa viwili. Kuna mashua ya futi 26, ina miaka minne na iko kazini. Kuna na jahazi la futi 40, limejengwa Matondoni, umbo lake linavutia macho, lakini limepandishwa mchangani tangu masika na mwenyewe ana haraka ya kuuza. Bei yake ni mara mbili tu ya mashua, na hapo ndipo moyo ulipoanza kunivuta.

Kazi yangu zaidi ni wageni wa mchana: kuvua, Manda Toto kwenye matumbawe, magofu ya Takwa. Mara mojamoja kisiwa cha Kiwayu, siku tatu kwenda na kurudi. Mke wangu ana hofu nisizamishe akiba yote kwenye mbao. Nisaidieni.

Nahodha wa Pate:
Wa alaykumu salaam mwanangu. Usihesabu futi za urefu peke yake. Toka 26 mpaka 40 ni mara moja na nusu hivi, lakini chombo hupanuka na kwenda chini pia. Ujazo wake unapita mara tatu, na uzito hivyo hivyo. Tanga nalo linapita mara mbili.

Foromali ya mashua, ule mti unaobeba tanga, mnaipandisha wawili. Ya jahazi hilo inataka wanne, na kusi, upepo wa kusini, ikichachamaa watano, tena wanaojua kazi. Kugeuza tanga ni kuipitisha foromali mbele ya mlingoti hadi upande wa pili huku chombo kinayumba. Hiyo huifanyi na kijana uliyemkuta gatini asubuhi. Na mabaharia hao utawalipa hata siku wageni ni wawili.

Bint Fundi:
Kaka, mimi ningeuliza kwanza kwa nini jahazi limekaa juu muda wote huo. Mbao zikikaa juani hukauka zikaachana, pamba ya kalafati, ile inayoziba nyufa za mbao, ikalegea. Ukilishusha litavuja. Kuvuja kidogo siku za mwanzo ni kawaida, mbao zikinywa maji hufura zikajifunga. Lakini ikiwa mataruma, zile mbavu za chombo, yameoza au misumari imeliwa na kutu, hizo ni gharama za fundi unazinunua pamoja na chombo.

Ingia chini na nyundo, gonga ubao mmoja mmoja. Nzima hulia kwa ukali, mbovu sauti yake hufa. Choma ncha ya kisu kando ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Nimekua nikimshikia baba taa akifanya hivi, na mara nyingi uozo tuliukuta pale ambapo rangi ilikuwa mpya.

Mpishi wa Jahazini:
Mimi naona tofauti kidogo na mzee, kwa heshima yake. Napika kwenye jahazi, Kiwayu naijua. Wageni sita kulala usiku mbili kwenye mashua ya futi 26 ni kuwatesa. Jiko, maji ya kunywa, magodoro, choo, vyote vinataka nafasi. Wakati wa kusi mnakwenda na upepo nyuma, raha tupu, lakini kurudi ni kubisha kutwa, kwenda mshazari dhidi ya upepo, na mawimbi ya nje ya miamba chombo kizito huyahimili vizuri zaidi. Ikiwa safari ndefu ndizo unazozitaka, usinunue kidogo ukaja kujuta.

Mwana Manda:
Nakumbusha Takwa tu. Kile kijito cha mikokoni hakiingiliki ila maji yakijaa. Mashua inatangulia kuingia na inachelewa kutoka. Jahazi likikosea saa, wageni wanalala na mbu.

Kijana wa Shela:
Shukrani sana, na kwako mzee shikamoo. Jana usiku tulikaa na mke wangu tukafungua daftari la msimu uliopita. Safari 61, za Kiwayu 4. Siku nyingi wageni walikuwa wanne au chini. Nikaweka ujira wa mabaharia wanne kwenye kila siku ya hizo, na karibu nusu ya siku jahazi lisingerudisha hata gharama yake. Nililipenda lile jahazi, sifichi, limeniuma.

Nachukua mashua. Za Kiwayu nitamkodi jirani mwenye jahazi, pamoja na watu wake.

Bint Fundi, babako yuko wiki hii? Jumatano ni bamvua, maji hutoka mbali sana, saa nne asubuhi mashua itakuwa imekaa kavu kabisa. Ningependa aje na nyundo yake kabla sijatoa hata shilingi. Nauli na ujira wake ni juu yangu.

Bint Fundi:
Yupo. Anasema muwe mmefika saa tatu, na mwambie mwenyewe asipake rangi.