Kichwa cha treni kinateleza kwenye mwinuko wa 4%, naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Najenga reli ya modeli ya kipimo cha HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko halisi) juu ya meza, na kuna mahali njia moja inapita juu ya nyingine. Ili treni ipite chini bila kugusa nahitaji kimo cha sm 8, na nafasi ya kupandia ni mita 2 tu. Hapo mwinuko unafika 4%. Ni mkali kweli: hata zile Garratt (vichwa vikubwa vya mvuke) za daraja la 59 za Reli za Afrika Mashariki, zilizovuta tani 1,200, zilifanya hivyo kwenye 1.5%.

Mabehewa manne yanapanda vizuri. Nikiongeza la tano, treni ikiingia konani magurudumu ya kichwa yanazunguka palepale, kisha msafara unarudi nyuma taratibu. Kona yenyewe ni kali, nusu kipenyo sm 45, na ukinzani wake ni kama kuongeza karibu 2% nyingine.

Reli nimeshasafisha kwa spiriti. Mipira ya magurudumu inaongeza mshiko, ila gurudumu lenye mpira halichukui umeme kutoka kwenye reli, na kichwa changu ni kifupi, kitazimazima. Mimi naelekea kwenye kuongeza vipande vya risasi (ile metali nzito) ndani ya bodi, ili uzito uongeze mshiko. Ninachohofia ni mota kulemewa na kuungua.

Waliowahi kufanya hivi, mlijuaje uzito umetosha? Na risasi mliigawa mbele na nyuma, au mliiweka katikati?