Kamera za waifai zinaganda usiku: ripita, meshi, au nivute waya?

Mkazi wa Goba
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina kamera nne za waifai: sebuleni, jikoni kwa nyuma, banda la kuku na getini. Ruta iko sebuleni, nyuma ya televisheni. Kutoka hapo hadi getini ni kama mita 30, katikati kuna kuta mbili za tofali na tangi la maji. Kifurushi ni cha 20 Mbps na rekodi zote zinakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Wiki iliyopita nimeibiwa kuku tisa. Nikafungua rekodi ya getini: saa nane na dakika 14 usiku naona mkono umeshika komeo, picha ikaganda hapohapo. Inarudi saa nane na dakika 31, geti liko wazi, hakuna mtu. Dakika 17 hazipo. Mtoa huduma anasema nipande hadi 50 Mbps. Dukani wanasema ripita, kile kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha mbele. Jirani ana meshi, yaani vituo kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, na anaisifia. Kipi kitanisaidia kweli?

Fundi Nyaya
Pole sana mkuu. Kifurushi usikiguse kwanza. Kamera kazi yake ni kupakia, na matangazo mengi ya vifurushi yanasifia kasi ya kushusha. Kamera ya 1080p hutumia kama 2 hadi 4 Mbps, kwa hiyo nne zinaweza kufika 16 zikifanya kazi pamoja. Pima kasi ya kupakia ukiwa umesimama kando ya ruta. Halafu chukua kompyuta, piga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu na kwa muda gani) mara 100 kwenye anwani ya ndani ya kamera ya getini, kisha ya sebuleni. Lete majibu hapa.

Mkazi wa Goba
Nimepima. Kupakia ni 18 Mbps. Kamera ya sebuleni inajibu kwa milisekunde 4. Ya getini 380, na kati ya 100 zimepotea 23. Programu ya simu inaonyesha mawimbi ya getini ni -82.

Fundi Nyaya
Basi ugonjwa uko kati ya televisheni na geti. Hata ukinunua 100 Mbps, mkono ule utaganda palepale. Kwa kamera mimi nataka angalau -67; namba ikikaribia sifuri ndiyo mawimbi mazuri. Na kuna jambo watu hawalijui: chombo chenye mawimbi dhaifu huzungumza polepole, na kikizungumza wengine wote kwenye chaneli hiyo wanasubiri. Kamera ya getini inazirudisha nyuma na zile tatu.

Kisauni Bara
Ndugu yangu, mimi niko Mombasa na nimetumia vyote viwili. Ripita ya masafa mamoja hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi hupungua kama nusu. Kwa kamera moja yatosha, lakini iweke katikati ya njia. Mimi niliiweka karibu na geti, ikawa inarudia mawimbi mabovu.

Meshi ni bora, hasa vituo vikiongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa masafa ya gigahezi 5 na kamera zikabaki kwenye 2.4. Kero yake: umeme ukikatika na kurudi, kamera hung'ang'ania kituo cha mbali kilichowaka mwanzo. Kila umeme ukirudi nikawa naenda kuzizima na kuziwasha.

Mama Wawili
Jamani, kabla ya kununua chochote, mtoeni huyo ruta nyuma ya televisheni. Mpandishe ukutani upande wa geti, tangi lisikae katikati, maana maji yanameza mawimbi. Halafu 2.4 muweke chaneli 1, 6 au 11 tu, upana megahezi 20. Kwangu ilikuwa ikijichagulia yenyewe, na majirani wote wako 6.

Na memori kadi! Kamera nyingi zina nafasi yake. Ya GB 64, kwa 2 Mbps mfululizo, inashika karibu siku tatu. Mtandao ukikata, kadi inaendelea kurekodi. Dakika zako 17 zingekuwepo.

Fundi Nyaya
Mama Wawili amesema kweli, anza na hayo leo. Ila mwizi akiing'oa kamera, na kadi imekwenda. Getini mimi navuta waya, sisiti. Mita 30 ni kidogo, kikomo ni mita 100. Chungulia mkia wa kamera yako, nyingi zina tundu la waya wa mtandao. Kama haipokei umeme wa PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao, kuna kigawanyi kinachotoa volti 12 mwishoni.

Waya ndio watu wanapopigwa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ukiona weupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unakatika ukiukunja, na umeme wa PoE unapungua njiani. Upitishe kwenye bomba lake, usichanganye na nyaya za taa.

Kisauni Bara
Aweke na kinga ya radi pande zote mbili, iungwe ardhini. Waya wa nje wakati wa masika unaweza kuleta radi hadi kwenye ruta.

Mkazi wa Goba
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilihamisha ruta na kuweka chaneli 11. Getini ikatoka -82 hadi -74, bado inakwama mvua ikinyesha. Jana tumevuta waya, mita 38 kwa kuzunguka ukuta. Waya wa kwanza niliouziwa ulikuwa mweupe ndani, nimeurudisha. Sasa getini ni milisekunde 2, hakuna kilichopotea. Ya banda la kuku, ambayo sikuigusa kabisa, imeshuka kutoka milisekunde 90 hadi 12. Kadi ziko kwenye kamera zote nne. Usiku nilikaa nikiangalia geti moja kwa moja hadi saa tisa, nikamwona paka akipita juu ya ukuta mwanzo hadi mwisho.

Kinga ya radi bado sijapata. Aliye Dar anayejua duka lenye ya kweli, naomba aniandikie.