Mjadala: Tukiombea haki Nairobi, tusimame wapi?

Mtoa mada, Huruma

Ndugu zangu, hoja hii naileta kwa Wakristo wenzangu wa jiji hili, na pia kwa wasioamini walio na lao la kusema. Kila vijana wanapopigwa risasi, swali huwa lile lile: kanisa liombe au liandamane? Kuomba litaomba tu, ndiyo kazi yake. Linaloniwasha mimi ni jingine. Maombi hayo yanafanyiwa wapi, mbele ya nani, na nani anagharimika yakifanywa?

Msimamo wangu nautaja mapema. Ombi la haki lifanyiwe pale haki inapovunjwa: kwenye dawati la polisi, mlangoni mwa mochari, mahakamani siku kesi inapotajwa, kando ya mto siku tingatinga linapobomoa. Likifanyiwa madhabahuni huku mvunja haki ndiye aliyepewa kipaza sauti, sijui tena tunamwomba nani.

Historia ya jiji hili inanipa nguvu ya kusema hivyo. Februari 28, 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula pale Uhuru Park, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Machi 3 polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, na hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba mama mzazi kukuvulia nguo ni laana. Hawakurudi makwao. Walihamia All Saints, kanisa kuu la Kianglikana lililo jirani na bustani hiyo, wakakaa katika chumba cha chini takriban mwaka mzima, wakiimba, wakiomba, wakilala sakafuni, hadi wengi wa wafungwa wakaachiliwa. Kanisa liliwapa paa. Bei yake ilikuja kulipwa: siku ya Saba Saba, Julai 7, 1997, polisi waliingia ndani ya kanisa lile lile kwa gesi na marungu, wakapiga waliokuwemo, mchungaji Timothy Njoya akiwa mmoja wao.

Sasa tuje karibu. Mei 28, 2025, katika maombi ya kitaifa ya kila mwaka, hoteli ya Safari Park, Rais Ruto aliwaomba vijana msamaha. Kuomba msamaha ni jambo la Injili, silikejeli. Lakini hata wiki mbili hazikuisha, mwalimu Albert Ojwang akafa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha hapa Nairobi. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukasema vingine. Natamani maombi ya mwaka ule yangefanyiwa City Mochari, viongozi wakiwa wamesimama kwenye foleni moja na wazazi wanaotafuta watoto wao.

Nitoe mfano mdogo wa mtaani. Kijana wa jumuiya yetu alichukuliwa jioni akitoka kibaruani. Kesho yake ilikuwa zamu ya kusali rozari nyumbani kwao. Mamake akasema, "Nyumbani msije. Njooni kituoni." Tukaenda, wanawake na katekista wetu. Askari wa zamu akatuuliza sisi ni nani wake. Tukamwambia ni jumuiya yake. Akasema hana mtu wa jina hilo. Tukaketi kwenye benchi, tukaanza Salamu Maria, si kwa sauti kubwa. Katekista alikuwa ameinakili Ibara ya 49 ya Katiba kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la michango, ile inayosema mshikwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Kila mwisho wa fungu moja la rozari alikuwa anasimama, anakwenda dawatini, anaomba kwa adabu nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituo, anarudi kuketi. Fungu la nne, askari mwingine akatoka ndani. Hakuwa na karatasi, nasi hatukuwa nayo. Akaandika nambari nyuma ya bahasha ya zaka. Asubuhi kijana alisimamishwa mbele ya hakimu, akiwa hai.

Siwezi kuwaambia ni rozari iliyomtoa au ni Katiba. Ninachojua, lau tungesalia sebuleni kwao, ile bahasha ingebaki na zaka tu.

Leteni yenu.

Mzee wa kanisa, Buruburu

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimekuheshimu. Ila ruhusu mzee aseme anachokiogopa.

Nimekaa kwenye baraza la wazee tangu enzi za Nyayo, wakati wa Rais Moi. Nakumbuka tulivyoingia uchaguzi wa 2007. Kila mchungaji alikuwa na mgombea wake na kila mgombea alikuwa na unabii wake. Tuliomba, ndiyo, lakini kila mtu aliomba kabila lake lishinde. Matokeo mnayajua: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na Januari 1, 2008 kule Kiambaa kanisa lilichomwa na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia hapo wakidhani madhabahu itawakinga. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande. Ungamo lile mimi nililisikia kama linanihusu.

Kwa hiyo unaponiambia kanisa litoke, nauliza litoke na nani mbele. Leo ni kituo cha polisi, na jambo ni jema. Kesho atakuja mwanasiasa wa upinzani asimame nyuma ya rozari yenu apigwe picha. Mtamfukuza?

Na lipo la pili, zito zaidi kwangu. Katika ushirika wangu ninawagawia Meza ya Bwana kijana aliyebeba risasi mguuni na inspekta wa polisi. Wanakunywa kikombe kimoja. Paulo anamwagiza Timotheo tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka. Nikisimama mlangoni mwa kituo chake na bango, Jumapili inspekta huyo hatarudi, na akishaondoka hakuna wa kumwambia ukweli tena.

Kijana wa Kayole

Mzee, kwa heshima zote. Kikombe hicho kimoja, mwenzangu alikunywa akiwa na risasi mwilini. Hawakulingana hapo mezani.

Mimi nilikuwa mjini Juni 25, 2024, siku ya Mswada wa Fedha, Bunge lilipoingiwa. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Kabla ya hapo vijana tulishawaambia makanisa waziwazi: acheni kuwapa wanasiasa mimbari. Hatukuwa tunamkataa Mungu. Tulikuwa tumechoka kuketi kwenye viti vya plastiki tukimsikiliza mheshimiwa akituhubiria uvumilivu, halafu mchungaji anasema "tumpigie Bwana makofi" baada ya bahasha.

Mtoa mada anasema tatizo ni mahali. Mimi nasema tatizo ni pesa, mahali baadaye. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali dhidi ya serikali. Siku chache baadaye Rais akaja kanisa la Soweto, hapa kwetu Kayole, akatoa 600,000 kwa kwaya na milioni 2 za nyumba ya padri, na ahadi nyingine juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Mimi si Mkatoliki, lakini siku hiyo niliona kwamba kumbe inawezekana. Halafu Machi 2025 kanisa moja la Roysambu likaahidiwa na Rais milioni 20, na mambo yakawa yale ya zamani.

Kanisa lililojengwa na pesa ya mheshimiwa litaenda kituoni kumwambia nini OCS, mkuu wa kituo? Katika Kutoka 14, Mungu anamuuliza Musa, "Mbona unanililia mimi? Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Bahari iko mbele, jeshi liko nyuma, na Mungu mwenyewe anamwambia asogeze watu. Hilo andiko sijawahi kusikia likihubiriwa siku mheshimiwa amekuja.

Mama wa kesha, Kawangware

Wanangu, mnaongea kama watu wenye mchana.

Mimi nafulia watu Lavington. Nikikosa siku moja, jioni hakuna unga. Kesha zetu ni Ijumaa usiku kwa sababu usiku ndio wangu. Tunakaa kwenye kanisa la mabati, tunaita majina: wa fulani aliyepotea, wa fulani aliyevunjiwa kibanda na kanjo, askari wa jiji, wa fulani ambaye mwajiri hajamlipa miezi miwili. Tunalia mpaka alfajiri, naoga, naenda kufua. Msiniambie hayo si maombi ya haki kwa kuwa yamefanyiwa ndani. Bwana alisema, ukisali ingia katika chumba chako cha ndani, ufunge mlango. Na vita vyetu si juu ya damu na nyama.

Kijana wangu wa kwanza alipouawa, aliyenizuia nisichukue sumu si wakili wala mwandamanaji. Ni mama mmoja wa kesha aliyekuja akalala kwangu akiniombea mpaka nikaweza kula.

Mke wa askari, South B

Nitasema kidogo tu. Mume wangu ni konstebo. Nyumba yetu ni chumba kimoja. Juni 25 alirudi saa saba usiku, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hakuongea. Sijui alifanya nini siku ile na sijamuuliza. Kanisani mwetu wameombewa vijana, ni haki yao. Hakuna aliyewahi kuomba kwamba mume wangu apate moyo wa kukataa amri mbaya. Hilo ndilo ningependa liombwe, tena kwa sauti, akiwa ameketi hapo.

Mtoa mada, Huruma

Mama wa kesha, nianze na wewe, na pole sana kwa mwanao. Chumba cha ndani sikigusi. Pale Yesu alikuwa akiwakemea wanaosali wapate kuonekana na watu, na kwenye benchi la kituo hakuna anayekupigia makofi. Lakini la mchana umeliweka sawasawa, na nadhani jibu lake liko kwenye sadaka yako. Sarafu unazoweka kapuni zinamlipia mtu mchana wake: padri, mchungaji, katibu wa parokia. Hao ndio waende kituoni saa nne asubuhi ukiwa unafua. Ninyi mnawaita waliopotea kwa majina Ijumaa usiku. Mtu anayelipwa na kanisa ayachukue majina hayo Jumatatu, aende nayo kituo kwa kituo. Kesha yenu ingekuwa daftari bora kuliko lolote walilo nalo wanaharakati wa mtaa huu.

Dada wa South B, hilo lako limenifunza. Nitaliomba kwa maneno hayo hayo.

Mzee, unasema ukienda kituoni utampoteza inspekta. Mimi naona ndipo utakapokuwa mzee wake kweli. Mezani anakuona ukiwa na kikombe. Akuone pia ukiuliza nambari ya OB ya kijana wa mtu. Askofu Alexander Muge, Mwanglikana wa Eldoret, aliambiwa na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, Agosti 14, 1990, akafa kwenye ajali ya barabara akirudi. Alikwenda kuwaona waumini. Chama chochote hakikumtuma. Kuegemea upande ni kubeba mgombea, na hilo nalipinga pamoja nawe. Kumfuata kondoo mochari si siasa ya mtu.

Kijana wa Kayole, kuhusu pesa tuko pamoja. Ila kanisa lisilopokea bahasha likabaki limeketi ndani, bado halijamsaidia mamako kupata mwili wa mtoto wake.

Pendekezo langu ni hili: kila parokia na kila ushirika wa Eastlands uwe na zamu ya kituo. Watu wawili, mmoja akiwa kiongozi anayelipwa, mara moja kwa wiki, wanafika, wanasalimia, wanauliza walio ndani kwa majina, wanasali pamoja na jamaa walioko nje, wanawaombea na askari, wanaondoka. Haihitaji kibali cha mtu.

Mzee wa kanisa, Buruburu

Hiyo zamu naweza kuipeleka kwenye kikao cha wazee. Sharti langu ni kusiwe na bango, kusiwe na kamera, na mwanasiasa akitokea tunaondoka. Maandamano bado siyakubali, usiniweke huko.

Kijana wa Kayole

Bango na mwanasiasa, sawa mzee. Kamera hapana. Tumejua nani alipiga risasi nje ya Bunge kwa sababu watu walishika simu. Mkiingia kituoni bila simu, mtaambiwa kijana hayuko, na hamtakuwa na la kuonyesha mahakamani. Kwa hilo mimi na wewe hatujakubaliana.