KONDA ULIYENINUSA MDOMO MBELE YA GARI ZIMA, BADO HATUJAMALIZANA

Binti_Chavakali
Wadau, naandika nikiwa Mau Summit, mikono inatetemeka na sijui sasa ni sukari au ni hasira. Nimenuswa mdomo! Mimi, mama wa watoto watatu, mwalimu wa shule ya Jumapili, nimenuswa na konda kama kibuyu cha maziwa yanayoshukiwa kuchacha.

Mnamjua. Steji ya Nakuru, gari za Kisumu, yule mwenye sauti ya kurusha flamingo wote ziwani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anapiga kelele, "Mathe, mmoja tu twende!" Nachungulia, kweli gari limejaa. Nikajidunga insulini, maana hii yangu ya mchanganyiko hudungwa nusu saa kabla ya kula, na chapati nilikuwa nazo. Nikifunga kalamu ya insulini tu, huyo! Kanipokonya begi, kalitupa kwenye buti: chapati, peremende, kipimo, vyote ndani. Halafu "abiria" wakaanza kushuka mmoja mmoja. Kumbe vijana wa steji, wamekalishwa viti tudhani gari linaondoka! Tukakaa hapo karibu saa mbili nzima. Kila nikiomba begi, "Mathe tulia, tunatoka." Kwa muda huo ningeenda Njoro kwa miguu, nile, nirudi, na bado ningelikuta pale pale.

Tulipopita Salgaa jasho likaanza kunitiririka, na nje ni baridi ya kukata masikio. Ulimi mzito, madereva nawaona wawili. Nikasema, "Naomba begi, nina sukari." Angalau nilidhani nimesema hivyo, kumbe maneno yametoka yamejikunja. Basi mtu mzima huyo akainama AKANINUSA. Pua yake hapa, mdomo wangu hapa. Akawageukia abiria: "Huyu amelewa, na amekunywa zile hazinuki!" Gari zima kicheko, hata mzee mmoja mwenye Biblia mapajani. Konda akagonga bodi mara mbili, nikashushwa hapa kwenye njia panda ya Kericho na Eldoret, begi likanifuata chini pu!

Aliyeniokoa ni mama anayeuza karoti kando ya barabara. Yeye hakuninusa. Alinitazama mara moja akasema, "Hii ni sukari, baba watoto wangu huwa hivi hivi," akanimiminia chai kutoka chupa yake na kutia vijiko vinne. Kipimo kilisoma 2.8. Robo saa baadaye, 4.9. Mama yangu ananingoja Chavakali tangu asubuhi, na nauli sijarudishiwa. Nauli ale, imtoshe. Lakini ile pua! Ni shule gani inafundisha kupima ugonjwa kwa pua?

Kondele_Moja
Ni huyo huyo! Mwezi uliopita alinikalisha kwenye kibao katikati ya viti viwili. Kufika Ahero goti langu na la jirani yangu yamekuwa pacha.

Mtu_wa_Gilgil
Pole dada, lakini peremende za mgonjwa wa sukari zinatafuta nini kwenye buti? Zinakaa mfukoni. Na unadungaje kabla gari halijawasha injini?

Binti_Chavakali
Soma uzi! BEGI ALILICHUKUA YEYE. Na mbona hujasema lolote kuhusu kuninusa?

Nesi_wa_Zamu
Wa Gilgil amesema kweli kuhusu mfuko, ila konda ana kosa kubwa. Sukari ikishuka chini ya 4, ubongo unakosa chakula chake. Mtu anatetemeka, anatokwa jasho, anaongea ovyo, ukimwona utaapa amelewa. Mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu au vinne, subiri dakika 15, pima tena. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na wewe dada kula hizo chapati sasa hivi, insulini uliyodunga bado inafanya kazi.

Binti_Chavakali
Nakula, nesi, asante. Ila wewe hukuona alivyoinama. Aliinama taratibu, kama mtu anayenusa sufuria.

Kondele_Moja
Nesi, goti lililovimba tangu mwezi uliopita nalo ni la hospitali?

Shemeji_wa_Mbale
Magoti! Mimi konda wa gari hizo hizo alifungua buti Kapsoit, jogoo wangu akatoka mbio. Jogoo wa kupeleka kwa wakwe! Nikaomba tusimame nimshike, akaniambia nitamnunua mwingine Ahero. Nilifika ukweni na mkate na kilo mbili za sukari. Mnajua mtu anavyotazamwa akifika hivyo?

Mtu_wa_Gilgil
Hapo sasa nakuunga mkono. Jogoo wa ukweni hanunuliwi njiani.

Baba_Mapacha
Shemeji, huyo jogoo alikuwa mwekundu, mkia mweusi?

Binti_Chavakali
Jamani, mimi nimenuswa!

Shemeji_wa_Mbale
Mwekundu, mkia mweusi, kilemba kimelalia kushoto! Umemwona wapi?