Fundi kaifungia kadi yangu ya grafiki, GTX 1060, hitisinki (chuma cha kupoza joto) ya prosesa, siku ya 11 imeungua, sasa ananiambia "ilikuwa ya kuchimbia sarafu za kidijitali"

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka Kariakoo muda huu, jasho linanitiririka, mkononi nina mfuko na ndani ya mfuko kuna laki tatu na ushee iliyogeuka mkaa. Anayetaka uzi wa kistaarabu apite tu.

Nilikuwa na GTX 1060 ya GB 6. Niliinunua mtumba miezi 14 iliyopita kwa laki 2 na 80. Kazi ilikuwa inapiga vizuri, shida yake joto. Chumba changu kina dirisha moja, na kuanzia Desemba mpaka Machi humo ndani ni tanuri. Ukicheza gemu dakika 20 kadi inafika nyuzi 81, 82, halafu inaanza kujipunguza spidi yenyewe. Kadi za kizazi hicho Nvidia waliziwekea mpaka wa nyuzi 83, na hata kabla ya kufika hapo, kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyoshuka kidogo kidogo, megahezi 13 hivi (hicho ndicho kipimo cha spidi) kila ngazi. Naiwasha iko 1,950, baada ya nusu saa naikuta 1,880.

Na mimi tena na tamaa zangu. Nilitaka kuiovakloki, yaani kuikimbiza kupita spidi yake ya kawaida, ivuke 2,050 na ikae hapo hapo. Nikamfuata fundi mmoja ambaye simtaji jina wala duka, maana mamodi watafuta uzi na mimi nina hasira ya kuandika mara moja tu. Nikamwambia nataka kubadilisha pesti na pedi, vile vinavyokaa kati ya chipu na kipoza kupitisha joto. Akacheka. Akaniambia, "Kaka, pesti ni kazi ya watoto. Mimi nakufungia hitisinki ya prosesa, ile ndefu ya mirija minne na feni ya milimita 120. Hutaamini macho yako." Hitisinki elfu 70, ufundi elfu 40. Nikatoa.

Macho yangu kweli sikuyaamini.

Nieleze alichofanya, maana nilikuwa nimekaa kwenye stuli pembeni yake naangalia, na hapo ndipo ninapojilaumu, kwa sababu vitu vingine niliviona na nikanyamaza nikidhani fundi anajua.

Kwanza, matundu hayalingani. Hitisinki ile ilikuwa na miguu ya soketi za prosesa za Intel, zile za 1155 na wenzake, ambapo tundu hadi tundu ni milimita 75. Kwenye kadi yangu matundu yanayozunguka chipu yako karibu karibu, sentimita tano na kitu. Mtu mwenye kazi yake angechonga kibati kipya, akapima, akaweka springi na washa za plastiki. Huyu alichukua drili, akatoboa miguu ileile kwa macho, akapitisha skrubu ndefu na nati za chuma, nati zikakaa juu ya bodi moja kwa moja. Nikamwuliza, "Hizo nati hazigusi njia za umeme?" Akasema, "Pale pana rangi ya kijani, haipitishi." Wakuu, bodi yenyewe ilikuwa nyeusi.

Pili, kukaza. Chipu ya kadi haina kofia ya chuma kama prosesa, ni silikoni tupu, ukikandamiza pembe moja kabla ya nyingine unaimega. Inatakiwa ukaze kwa msalaba, robo mzunguko huku, robo kule. Yeye alimaliza skrubu ya kwanza yote, ndipo akaenda ya pili. Haikumeguka. Hiyo ni huruma ya Mungu tu, fundi hana sifa yoyote hapo.

Tatu, na hili nimelijua baada ya msiba: hitisinki ile ni ya aina ambayo mirija ya shaba imepasuliwa na kulazwa kwenye kitako ili iguse prosesa moja kwa moja. Kwa prosesa sawa, kofia yake ni pana, mirija yote minne inapata kazi. Chipu ya 1060 ina milimita za mraba 200. Yaani upande mmoja ni kama milimita 14. Mrija mmoja una upana wa milimita 6. Piga hesabu mwenyewe: mirija miwili ya katikati ndiyo inayogusa, ile ya pembeni imekuja kusindikiza. Nimelipia mirija minne, nimetumia miwili.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. Lililoniua ni la nne.

Kipoza asili cha kadi hakipozi chipu peke yake. Chini yake kuna bamba linalogusa memori kwa pedi, na kuna kipande kingine kinachokaa juu ya VRM, ile safu ya mosfeti (swichi ndogo za umeme) na koili upande wa plagi ya umeme. Kazi ya safu ile ni kuchukua volti 12 na kuzishusha mpaka karibu volti moja inayotumiwa na chipu. Makumi ya amperi yanapita kwenye vidude vidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ukisema vinapoteza hata asilimia 10 tu ya umeme unaopita, hizo ni wati 10 hivi za joto tupu, na hapo bado hujaongeza volti za kuovakloki. Fundi alipotoa kipoza asili, bamba likaondoka nacho. Vyote vikabaki uchi.

Nikamwuliza. Naapa nilimwuliza. Akafungua droo akatoa vihitisinki vidogo vya alumini, vile vya rangi ya buluu vinavyouzwa na gundi ya karatasi mgongoni, akabandika sita juu ya memori sita. VRM? "Ile haina shida, feni kubwa itaipulizia."

Feni kubwa ya hitisinki ya mnara inapuliza kwa ubavu! Hewa inapita katikati ya mapezi, sambamba na bodi, sentimita kadhaa kutoka kwenye bodi yenyewe. Kipoza asili feni zake zinaelekea kwenye bodi, hewa inagonga na kutawanyika juu ya kila kitu. Huu mnara haukupulizia VRM hata pumzi moja.

Nikafika nyumbani, kasha halifungi. Mnara una urefu wa karibu sentimita 16 na kadi inakaa ikitazama chini, kwa hiyo mnara unaning'inia kuelekea pawa saplai na unaigonga. Ikabidi nilaze kasha chali, kifuniko nje, mezani, kila kitu hadharani. Siku ya tatu nikamkuta mjusi kajilaza juu ya pawa saplai anaota joto. Kicheko chenyewe sina, lakini alikuwa amestarehe kuliko mimi.

Halafu waya wa feni. Kichwa cha feni ya prosesa ni cha mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, tundu la kwenye kadi ni dogo zaidi, havioani. Fundi alikuwa ameshaniambia nichomeke kwenye mazabodi. Sawa, ila mazabodi inasikiliza joto la prosesa, habari za kadi haina. Gemu likianza kadi inawaka moto, prosesa iko nyuzi 50 imetulia, feni inazunguka taratibu kama ya msikitini alasiri. Nikaiweka spidi ya juu muda wote, ikawa inavuma mpaka jirani akauliza kama nimenunua mashine ya kusaga.

Sasa sikilizeni utamu wenyewe. Nikafungua Afterburner, programu ya kusoma joto na kupandisha spidi ya kadi: nyuzi 57. Hamsini na saba, katikati ya Februari, gemu likiwa limefunguka lote. Nikapiga picha, nikaituma kila grupu. Nikapandisha mpaka 2,063, nikavuta slaida ya umeme mpaka mwisho, ikashika. Nikajiona injinia.

Fremu ngapi kwa sekunde nimepata? Kutoka 71 mpaka 75. NNE. Laki moja na elfu kumi kwa fremu nne, ambazo kwa macho yangu haya sizioni. Na sababu ni kwamba kadi hizi hazibanwi na joto tu. Volti imefungwa, haivuki 1.093 hata uilaze kwenye barafu, na umeme nao una mpaka wake. Ukishaipoza chipu ikatulia chini ya nyuzi 60, kilichobaki kukubana ni hivyo viwili, na hitisinki haivigusi hata ingekuwa kubwa kama jiko la mkaa. Kuna mtu alinieleza hili? Hakuna. Kila mahali ni "weka hitisinki ya prosesa, kadi itapaa".

Na ile 57 ilikuwa ya nani? Ya chipu. Sensa ya kadi yangu iko ndani ya chipu, VRM haina sensa inayoonekana popote kwenye programu. Mimi nashangilia namba ya chumba chenye kiyoyozi, jikoni kunaungua.

Usiku wa siku ya tisa nikasikia "tik". Nikatafuta, nikakuta kihitisinki kimoja cha buluu kimelala sakafuni mwa kasha. Gundi imelainika. Bahati hakikuangukia mahali pa kuunganisha njia mbili. Nikampigia fundi, akasema nibandike na supa gluu. Supa gluu, wakuu! Sikubandika, niliendelea kucheza hivyohivyo, na hapa mnitukane, nimestahili.

Siku ya 11, saa nne usiku, skrini ikazima. Ikaja harufu, ile ya plagi inayoungua, kali ya kukaba koo. Nikachomoa kila kitu. Kesho yake nikiwasha, feni zinageuka nusu mzunguko zinasimama. Nikitoa kadi, kompyuta inawaka vizuri. Nikampelekea fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu, akaweka mita kwenye njia ya volti 12, ikalia piiii bila kukatika, yaani imepiga shoti. Akaniletea lenzi. Mosfeti moja ina shimo katikati kama limetobolewa na sindano ya moto, na bodi chini yake imebadilika rangi kuwa kahawia. Akaniuliza kwa upole, "Hapa juu palikuwa na nini?" Nikamwambia hapakuwa na kitu. Akanirudishia kadi, hakusema neno.

Leo nimerudi kwa mhusika. Unajua kanijibu nini? "Kadi yenyewe ilikuwa ya kuchimbia, ilishachoka." Sikatai, inawezekana ilichimba. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi za namna hii zilimwagika kila soko, na mtumba hauna cheti cha kuzaliwa. Lakini nimekaa nayo miezi 14 na kipoza chake asili, kwenye joto la nyuzi 82, haikufa. Imekaa na kipoza chako siku 11, kwenye nyuzi 57, imekufa. Uchovu gani huo unaosubiri umpitie fundi kwanza?

Nikamwambia basi nipe kipoza changu cha asili. Akaangalia juu, akaangalia chini. "Kipo stoo." Stoo iko wapi? "Mwenye funguo kasafiri." Halafu kijana wake, hajui kama nasikia, anamwuliza mteja mwingine kama kile kipoza cha 1060 alichochukua juzi kimekaa vizuri. Yaani kauza! Kipoza changu, feni zangu mbili, bamba langu, mtu yuko nacho saa hizi anafurahia.

NIMEONGEZA, saa tatu usiku:

Kuna mkuu hapo chini anasema kosa si hitisinki ya prosesa, kosa ni ufundi. Nakubali nusu. Najua wapo wanaofanya vizuri: wanaacha bamba la asili, wanaweka hitisinki za skrubu juu ya VRM, wanaelekeza feni ya pili kwenye bodi. Enzi za kadi ya TNT2, mwaka 1999 huko, ilikuwa na maana hata ukifanya kienyeji, kadi nyingi zilikuja na kipande cha alumini tu na umeme wake kiduchu. Lakini kwa kadi ya wati 120 iliyokuja na kipoza kizima, ningebadilisha pesti, nikaweka pedi mpya, nikatoa lile ganda la plastiki na kufunga feni mbili za kawaida kwa tai za nyaya juu ya mapezi yaleyale, nikashusha volti kidogo. Elfu 40 haiishi. Mzee mwenye mita ndiye kanieleza, bure, huku anakunywa chai.

Mwingine kauliza kama nilipewa risiti. Nilipewa. Imeandikwa "huduma ya kompyuta 110,000". Muhuri umefifia, tarehe hakuna.

Mzee anasema mosfeti inaweza kubadilishwa kama bodi haijaungua ndani, atajaribu Jumatatu, haahidi. Kwa hiyo natafuta kipoza cha 1060 ya GB 6, bodi ndefu ya feni mbili. Mwenye kadi iliyokufa aje PM na picha ya nyuma yake, nione matundu. Na kama ni wewe uliyeuziwa kipoza cha feni mbili Kariakoo ndani ya wiki mbili hizi, feni ya kushoto ina ubawa mmoja uliokatika ncha, basi hicho ni changu. Sikudai, ulikinunua kihalali. Niambie tu alikuuzia bei gani.