Uso unawaka moto tangu nijifungue, na si chunusi. Naomba ushauri

Mama Kichanga:
Habari zenu akina mama. Mwanangu ana miezi mitano na bado ananyonya. Kama wiki ya sita baada ya kujifungua, mashavu na pua vilianza kupata joto, hasa usiku nikiwa nanyonyesha. Nilidhani ni uchovu tu. Baadaye vikatoka vipele, vingine vina usaha, lakini havina vile vichwa vyeusi vya chunusi nilizokuwa nazo usichanani. Nikipaka kitu chochote, hata losheni ya mtoto, uso unachoma kama nimejipaka pilipili.

Ngozi yangu ni nyeusi, kwa hiyo wekundu hauonekani kirahisi. Kinachoonekana ni mashavu kuiva, yanakuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, na yamevimba kidogo. Kila ninayemweleza ananiambia ni homoni, zitatulia zenyewe. Mfamasia mmoja alinipa kremu, siku nne uso ukawa laini kabisa. Nilipoacha, vikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nimerudia hivyo mara tatu.

Wiki iliyopita daktari wa ngozi ameniambia ni rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso, na kwamba hutulizwa lakini haiondoki moja kwa moja. Ameniandikia jeli ya metronidazoli. Ipo kabatini, sijaifungua, naogopa maziwa yatamfikishia mtoto dawa. Nimelia sana jamani. Kuna aliyepitia hili akiwa ananyonyesha?

Mama wa Wawili:
Pole sana dada, na hongera kwa mtoto. Yangu ilianza baada ya mtoto wa pili, ambaye sasa ana miaka mitatu, na hilo la kuambiwa "ni homoni" lilinipotezea miezi mizima.

Kabla ya yote, nenda sasa hivi ukasome jina lililoandikwa kwenye tyubu ya ile kremu. Ukikuta betamethasoni, klobetasoli au mometasoni, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana uso unatulia haraka. Ukiacha, mishipa inatanuka na vipele vinamiminika, nawe unakimbilia tyubu ile ile. Mimi nilizunguka humo miezi miwili. Siku nilipoacha kabisa, wiki tatu za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe, na nakwambia mapema ili usidhani umekosea. Mweleze daktari umeipaka mara ngapi na kwa muda gani, asije akapanga matibabu bila kujua.

Kuhusu jeli: metronidazoli ya kupaka usoni huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, ndiyo maana madaktari huwapa wanaonyonyesha. Mimi nilipewa asidi ya azelaiki ya asilimia 15, nayo hutumika wakati wa kunyonyesha. Nilichokuwa makini nacho ni shavu la mtoto kugusa shavu langu. Nilipaka akishanyonya na kulala, nikanawa mikono, nikasubiri ikauke kabla ya kumbeba tena. Azelaiki ilinichonyota wiki mbili za kwanza, nikawa napaka siku moja naruka siku moja. Lakini ilinisaidia pia na madoa meusi yanayobaki vipele vikipona, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi madoa hayo ndiyo yanayokaa muda mrefu. Vidonge vya doksisaiklini, ambavyo ni antibiotiki, daktari wangu alivisogeza mbele hadi nilipomwachisha mtoto. Isotretinoini, dawa kali ya chunusi, haitumiki kabisa wakati wa kunyonyesha, mtu asikushawishi.

Jipe wiki 8 hadi 12. Nilikuwa napiga picha kila Jumapili asubuhi kwenye dirisha lile lile. Wiki ya nne nilitaka kuitupa dawa, kwenye kioo sikuona lolote. Picha za wiki ya tisa ndizo zilizonionyesha kuwa vipele vimepungua.

Na joto, dada! Hilo la kunyonyesha usiku nililigundua kwa kuandika kwenye daftari kila uso unapowaka. Miili miwili imeshikana, blanketi juu, dirisha limefungwa. Nilifungua dirisha, nikaweka kitambaa chenye maji baridi shingoni, tofauti niliiona siku ile ile. Vinywaji vya moto siviachi, naviacha vipoe kwanza. Kuoga ni maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, hakuna kusugua uso. Jua ndilo adui mkubwa: tafuta losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi yenye zinki oksidi, iliyotiwa rangi, maana ile nyeupe itakuacha na uso wa majivu.

Mama Mapacha:
Naongeza mawili tu. Macho yakikauka, yakiwasha au ukihisi kama kuna mchanga ndani, usikae nayo, rosasea huingia machoni na inaweza kuumiza kioo cha jicho. Pili, upele wa mashavuni ukija pamoja na maumivu ya viungo, homa au vidonda mdomoni, omba kupimwa damu. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, nayo hushika mashavu, na huweza kuchachamaa baada ya kujifungua. Mimi nilipimwa, nikakutwa sina, ndipo nikatulia na dawa ya kupaka.

Mama Kichanga:
Nimesoma tyubu. Betamethasoni. Mikono imenitetemeka. Nimeitupa, na kesho nampigia daktari nimweleze. Macho yapo sawa, viungo pia. Jeli nimeifungua jana usiku mtoto alipolala, nikapaka kiasi cha punje ya dengu, nikakaa kitini hadi ikakauka. Haikuchoma nilivyoogopa. Dada, nikibeba mimba nyingine itazidi?

Mama wa Wawili:
Wapo wanaozidiwa na wapo wanaopata nafuu, hakuna anayeweza kukuahidi. Ukipanga mimba, mwambie daktari mapema aangalie dawa unazopaka. Jumapili hii piga picha ya kwanza, hata kama hutaki kuiangalia.