Mtoto wa siku sita, mke wangu anaamini hana maziwa. Naombeni ushauri

Baba wa Kwanza, Nakuru
Habari za usiku wakubwa wangu. Ni saa nane na robo, mama mtoto amepitiwa na usingizi na binti yetu amelala kifuani mwangu. Alizaliwa Alhamisi na kilo 3.1. Jana kliniki kapimwa, 2.9. Nesi alisema ni sawa, ila foleni ilikuwa ndefu nasi tukaona haya kuuliza zaidi. Tangu hapo mke wangu analia kwamba mtoto anakonda mikononi mwake. Kila ikifika saa moja jioni mtoto ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, hivyo hivyo mpaka saa tano. Jirani yetu, mama mtu mzima ninayemheshimu, anasema tumpe maji ya glukosi kwa kijiko. Mama mkwe yuko Butere, atafika Jumamosi. Mpaka siku hiyo tuko wawili tu.

Na kuna mengine. Asubuhi niliona doa la damu kwenye nepi, dogo kama punje ya mahindi. Halafu akilala anapumua mbiombio, ananyamaza, anaanza tena. Nakaa nimemwekea mkono kifuani. Baridi ya huku mtaani kwetu Free Area nayo haina huruma, kwa hiyo tunaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Nisaidieni.

Mama Watatu, Kisumu
Baba, toa hilo jiko sasa hivi, mengine utasoma baadaye. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini bila hata kukohoa. Litoe nje, ufungue dirisha mpaka hewa ibadilike.

Baba wa Kwanza, Nakuru
Nimelitoa, liko nje. Dirisha liko wazi. Asante, sikujua kabisa.

Nesi Mstaafu, Kakamega
Umefanya vyema mwanangu. Sasa joto la mtoto ni wewe. Vua shati, yeye abaki na nepi, kofia na soksi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike blanketi, uso wake ukiwa wazi. Ukianza kusinzia, mvike nguo na umlaze chali mahali pake, bila mto.

Kuhusu uzito: amepoteza gramu 200 katika 3,100, yaani kama 6 kwa mia. Karibu watoto wote hupungua siku za kwanza, na wengi huwa wamerudia uzito wa kuzaliwa wakifika wiki mbili. Kilio hakipimi maziwa. Nepi ndizo hupima. Tangu jana asubuhi amelowesha ngapi? Na choo kina rangi gani?

Baba wa Kwanza, Nakuru
Nimeenda kuhesabu kwenye beseni. Saba zimelowa. Choo mara nne, cha manjano, chepesi, kina chembechembe kama mbegu. Ile nyeusi ya kunata iliisha Jumapili.

Nesi Mstaafu, Kakamega
Basi maziwa yapo, tena ya kutosha. Mwamshe mkeo kwa upole umwambie hilo. Tangu siku ya tano tunatarajia nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24, na yeye ana saba. Kunyonya mfululizo jioni ni kawaida ya wachanga. Kila anaponyonya, titi huambiwa litengeneze zaidi. Maji ya glukosi yanajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na hapo ndipo maziwa hupungua kweli. Miezi 6 ya kwanza ni titi peke yake, hata maji hapana.

Doa la damu kwa mtoto wa kike wiki ya kwanza hutokana na homoni za mama zinazomtoka mwilini. Likiongezeka au lisipokoma, mpeleke aangaliwe. Pumzi za mchanga huenda na kusimama sekunde chache. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60, rudia, na zikibaki hapo nenda hospitali. Nenda usiku huo huo pia akikataa kunyonya, akilegea, akidegedega, kifua kikibonyea ndani akipumua, joto likifika 37.5 au mwili ukiwa wa baridi, umanjano ukifika viganjani au nyayoni, kitovu kikitoa usaha.

Mzee wa Webuye
Kwa heshima, mama nesi, sisi wote tulipewa maji tukakua.

Nesi Mstaafu, Kakamega
Ni kweli mzee wangu, na waliotulea walitupenda. Ila nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, nimepokea wachanga wengi walioharishwa na maji ya kijiko.

Mama Watatu, Kisumu
Huyo jirani usimkatalie kwa ukali. Mwambie, "Mama, kliniki wamesema titi tu, lakini tunakuhitaji sana, mke wangu hajala uji tangu asubuhi." Atakuja na sufuria ya uji wa wimbi, na huo ndio msaada mnaoukosa. Machozi ya mkeo pia nayajua. Siku za kwanza huwa hivyo. Yakipita wiki mbili, au akisema anaogopa kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje, mpeleke. Kwa sasa wewe shika nepi, shika jiko, yeye ashike mtoto na kulala. Akinyonyesha, angalia: mdomo uwe umefunguka kama anayepiga miayo, kidevu kiguse titi. Mkitulia mtamsikia akimeza.

Baba wa Kwanza, Nakuru
Ni saa kumi na moja kasoro. Nimehesabu pumzi, 44. Nimemwonyesha mke wangu zile nepi saba, moja moja, naye akazihesabu tena mwenyewe. Sasa ananyonyesha, tumezima redio, na tumemsikia akimeza.